Nimehamia Linux Mint: nafasi ya C: naipataje wakati D: iko katikati ya diski?

kibodi_nyeusi

Wakuu, salaam.

Laptopu ina diski moja ya kuzunguka ya TB 1, meza ya partisheni (orodha ya vipande vya diski) ni GPT. Ilikuja na Windows 10, na tangu Microsoft iache kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 kazi zote zinafanyika kwenye Linux Mint 22. Windows bado imo humo lakini haina kazi tena, nataka kuiondoa. Shida ni kwamba Mint ilipewa kipande kidogo mkiani mwa diski na sasa kimejaa. Mpangilio wote ni huu, kuanzia mwanzo wa diski:

sda1, 100M, vfat, /boot/efi
sda2, 16M, haina mfumo wa mafaili
sda3, 249.3G, ntfs, ndiyo C:
sda4, 600M, ntfs, ile ya kurekebishia Windows
sda5, 600G, ntfs, ndiyo D:, ina data 410G
sda6, 81.5G, ext4, ndiyo / ya Mint

Nikifuta sda3 napata GB 249 tupu, lakini ziko upande wa pili wa D:. Naomba kujua njia salama ya kuzifikisha kwa Mint bila kupoteza data ya D:, na bila kuisakinisha Mint upya. Pia kuna hesabu hainiingii: df -h / inasema ukubwa 80G, zimetumika 75G, zimebaki 900M. Hizo GB 4 nyingine ziko wapi?

terminali_tu

Mkuu, washa kwa flashi ya Mint, fungua GParted (programu ya kupanga partisheni), futa sda2, sda3 na sda4, isukume D: kushoto mpaka igusane na sda1, kisha tanua sda6 kuelekea kushoto. Ukibonyeza Apply inafanya yenyewe yote.

Fundi Mtambo

Hiyo ya terminali_tu inawezekana, GParted haitakataa. Ila kwa diski hii siishauri kabisa, na sababu ni mpangilio wenyewe.

Ext4, mfumo wa mafaili wa Mint, hukua kwa kuongezewa mwisho. Ukiwa na nafasi tupu kulia kwa partisheni, unasogeza mpaka wa mwisho, unatoa amri ya resize2fs, na ndani ya sekunde chache kazi imekwisha, hata ukiwa ndani ya mfumo huohuo. Kukua kushoto ni habari nyingine. Mwanzo wa partisheni ukihama, kila bloku lazima inakiliwe kupelekwa mahali papya. Na hapa D: ndiyo ya kwanza kuhama, GB 600 nzima, kwa sababu GParted inaposogeza NTFS hunakili partisheni yote pamoja na sehemu zisizo na kitu. Baada yake inafuata sda6. Diski ya kuzunguka ikisoma na kuandika kwa wakati mmoja, tuseme wastani wa MB 50 kwa sekunde, D: peke yake ni kama saa tatu na nusu.

Muda si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba D: ina GB 600 na inasogea GB 250 tu, kwa hiyo mahali papya na pa zamani vinapishana. Kinachoandikwa kinafuta kilichokuwepo. Umeme ukikatika au waya wa diski ukicheza katikati ya kazi, unabaki na nusu ya D: katika mpangilio mpya na nusu katika wa zamani, na GParted haina namna ya kuendelea kutoka ilipoachia. Anayetaka njia hiyo lazima awe na nakala kamili ya D: kwenye diski nyingine. Na akiwa nayo, hana haja ya kusogeza chochote.

Njia nyepesi: usiilete nafasi kwa Mint, ipeleke /home kwenye nafasi. Linux haijali partisheni iko upande gani wa diski. Ile sehemu ya C: iwe ext4 mpya, ibebe /home, na sda6 ibaki na mfumo peke yake. GB 81 kwa mfumo peke yake ni nyingi. D: haiguswi hata kidogo.

Kwanza angalia afya ya diski:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho kwenye Pending isipokuwa 0, simama hapo, toa data kwanza. Diski yenye sekta zinazogoma kusomeka haifai kupewa kazi ya kunakili mamia ya GB.

Kisha hifadhi meza ya partisheni kwenye flashi, siyo kwenye diski hiyohiyo:

sudo sfdisk -d /dev/sda > meza-ya-sda.txt

Ni faili dogo la maandishi. Ukifuta partisheni isiyo yenyewe na hujaandika kitu juu yake, linairudisha: sudo sfdisk /dev/sda < meza-ya-sda.txt. Hairudishi mafaili, inarudisha mipaka tu, lakini mara nyingi mipaka ndiyo iliyopotea.

Sasa washa kwa flashi ya Mint. Anza na lsblk. Ukiwasha kwa flashi, herufi zinaweza kubadilika, flashi ikawa sda na diski ikawa sdb. Itambue diski kwa ukubwa wake. Hapa chini naendelea kuiita sda.

Ndani ya GParted futa sda2, sda3 na sda4. Zimefuatana, kwa hiyo zinaacha uwazi mmoja wa karibu GB 250. sda1 usiiguse. Ina jina linalofanana na vitu vya Windows, lakini ndimo kilimo kiwashio cha Mint, kwenye folda ya EFI/ubuntu (Mint hutumia jina hilo kwa kuwa imejengwa juu ya Ubuntu). Ukiifuta, laptopu haitaona mfumo wowote.

Kwenye uwazi huo tengeneza partisheni moja ya ext4, lebo andika nyumba, mpangilio wa mipaka uache kwenye MiB. Ukimaliza utakuta imepewa jina sda2, siyo sda3, kwa sababu namba ndogo iliyo wazi ndiyo huchukuliwa. sda5 na sda6 hazibadiliki majina.

Kunakili:

sudo mkdir -p /mnt/mzizi /mnt/nyumba
sudo mount /dev/sda6 /mnt/mzizi
sudo mount /dev/sda2 /mnt/nyumba
sudo rsync -aAXH --info=progress2 /mnt/mzizi/home/ /mnt/nyumba/

Mkwaju (/) wa mwisho kwenye home/ una maana. Ukiusahau, utapata /home/home, na ukiingia Mint haitakuona. Kunakili kukiisha, rudia amri ileile lakini badala ya --info=progress2 weka -nci. Hiyo haiandiki kitu, inalinganisha yaliyomo faili kwa faili na kutaja yanayotofautiana. Ikinyamaza, nakala ni sawa.

Halafu:

sudo mv /mnt/mzizi/home /mnt/mzizi/home.zamani
sudo mkdir /mnt/mzizi/home
sudo blkid /dev/sda2
sudo nano /mnt/mzizi/etc/fstab

Kwenye fstab (orodha ya partisheni zinazofunguliwa Mint ikiwaka) ongeza mstari mmoja, UUID (namba ya utambulisho wa partisheni) ukiitoa kwenye jibu la blkid:

UUID=namba-yako /home ext4 defaults,noatime 0 2

Tumia UUID, usiandike /dev/sda2. Umeshaona jinsi namba zinavyohama. Kama fstab ina mstari unaotaja C: ya zamani, uondoe sasa hivi. Ukibaki, Mint ikiwaka itaisubiri partisheni isiyokuwepo kwa sekunde 90 kisha itakutupa kwenye hali ya dharura. Likitokea hilo hujapoteza kitu: rudi kwenye flashi, maunti sda6, rekebisha mstari. Kabla ya kuzima kagua kwa:

findmnt --verify --tab-file /mnt/mzizi/etc/fstab

Ukishawaka, df -h /home ionyeshe sda2. Kaa nayo siku kadhaa, fungua programu zako zote, ndipo ufute /home.zamani. Mpaka uifute, sda6 itaendelea kuonekana imejaa, usishangae. Folda ya lost+found ndani ya /home ni ya kawaida, iache.

GB 4 zako: ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root (msimamizi wa mfumo), ili mfumo usikwame kabisa watumiaji wakijaza diski. Asilimia 5 ya 81.5 ni 4 na ushee. Kwenye / ziache hivyohivyo. Kwenye sda2 mpya ya GB 250 zingekuwa 12.5, na huko hazina kazi kubwa, kwa hiyo:

sudo tune2fs -m 1 /dev/sda2

Unarudishiwa GB 10 bila kufuta chochote.

Bi Data

Maelezo ya Fundi Mtambo ni sahihi, ila kuna kazi ya kufanya kabla ya kuifuta C:, na baadaye haifanyiki tena.

Iwashe Windows mara ya mwisho. D: itabaki NTFS, na Linux haina kifaa kamili cha kuitengeneza NTFS iliyoharibika. Ntfsfix iliyopo hurekebisha mambo machache na kufuta alama ya uchafu, basi. Chkdsk ya kweli iko Windows tu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, fuata mpangilio huu:

powercfg /h off
chkdsk D: /f
manage-bde -status

Ya kwanza inazima kulala usingizi na ile Fast Startup. Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima Windows si kuzima kweli. Inajihifadhi nusu, na partisheni za NTFS zinabaki kama ziko kazini. Ndiyo sababu watu wengi wanaona D: kwenye Linux inasomeka tu bila kuandikika, wakadhani ni ruhusa. Ya pili inasafisha D:. Ya tatu inakuambia kama D: imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows. Ikiwa imefungwa, toa manage-bde -off D: na usubiri mpaka asilimia ifike 0 ndipo uendelee. Linux inaweza kuifungua BitLocker kwa cryptsetup ukiwa na ufunguo wa kurejeshea, lakini hakuna faida ya kubeba mzigo huo kama Windows unaiacha.

Ukiwa humohumo, angalia C:\Users. Eneo-kazi, Nyaraka na Vilivyopakuliwa viko C:, siyo D:, labda kama viliwahi kuhamishwa. Kwa anayetumia OneDrive: mafaili yenye alama ya wingu hayapo kwenye diski, ni majina tu. Ukiyanakili kutoka Linux hayatafunguka. Bofya kulia, chagua yabaki kwenye kifaa, yasubiri yashuke.

Zima kwa shutdown /s /t 0.

Na leseni isikutie hofu. Laptopu nyingi zilizouzwa na Windows 8 kuendelea zina ufunguo ndani ya ubao wenyewe. Kwenye Mint:

sudo tail -c 29 /sys/firmware/acpi/tables/MSDM

Ikitoa herufi na namba zilizotenganishwa kwa vistari, uandike mahali. Kufuta partisheni hakuufuti.

kibodi_nyeusi

Shukrani sana wakuu. BitLocker haipo, chkdsk imepita bila makosa, Pending ni 0. Kabla ya kuingia GParted nimeangalia kilichojaza /:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

/timeshift 31G, /home 24G, /usr 11G, /var 9G. Je, hizo za Timeshift (picha za kurejeshea mfumo) nazo ziende sda2? Au zihamie D: ambako kuna nafasi zaidi?

Fundi Mtambo

D: haiwezi, angalau ikiwa bado NTFS. Timeshift kwa njia ya rsync hutegemea viungo vigumu (hard links) na ruhusa za mafaili ya Linux, kwa hiyo inakubali partisheni ya Linux peke yake. Sda2 inafaa: picha za zamani zifute kwanza ukiwa ndani ya Timeshift yenyewe, usizifute kwa rm, kisha kwenye mipangilio ya Timeshift chagua sda2 kuwa mahali pa kuhifadhia. Punguza idadi: 2 za kila siku na 1 ya kila wiki zinatosha kabisa kwa mtu mmoja.

Kuna la kuelewa hapa. Kwa kawaida Timeshift haigusi /home, inalinda mfumo tu. Ikikaa sda6 inaokoa dhidi ya sasisho baya. Ikikaa sda2 inaokoa pia dhidi ya sda6 kufomatiwa. Diski ikifa zote zimekufa, kwa hiyo haihesabiki kama nakala ya data yako.

/var ya GB 9, jaribu:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M
flatpak uninstall --unused

Ya mwisho mara nyingi ndiyo inayotoa nyingi zaidi, kwa sababu programu za Flatpak hushusha maktaba zao, tofauti na za mfumo, na matoleo ya zamani hubaki.

terminali_tu

Nakubaliana na njia ya /home, sikuwa nimeipima hatari ya D: kupishana na mahali pake pa zamani. Naongeza la kiwashio. Baada ya kufuta C:, orodha ya kuwashia itaendelea kutaja Windows. Kwanza:

sudo update-grub
sudo efibootmgr

Ukiona Boot0000* Windows Boot Manager (namba yako inaweza kuwa nyingine), iondoe kwa:

sudo efibootmgr -b 0000 -B

Folda ya /boot/efi/EFI/Microsoft usiifute siku hiyohiyo. Kuna laptopu ambazo programu ya ubao imekaririshwa njia ya Windows na haisikilizi orodha. Zima, washa tena mara kadhaa, pamoja na kutoka kwenye hali ya kuzimwa kabisa. Ikiwaka Mint kila mara, ndipo uifute. Ikigoma, washa Mint kwa menyu ya kuchagua kifaa, kisha:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Hiyo inaweka kiwashio kwenye EFI/BOOT, njia ambayo karibu kila ubao huitafuta ukikosa nyingine.

Na wanaouliza kama MB 100 za sda1 zinatosha: kwa Mint na Ubuntu ndiyo, keneli (kiini cha Linux) zinakaa /boot ndani ya sda6. Kwa Pop!_OS hapana, yenyewe huweka keneli ndani ya EFI, na MB 100 hazitoshi hata kidogo.

Bi Data

Imebaki D:. Kwa sasa iache NTFS, iwekee mstari kwenye fstab ili imauntiwe mahali palepale kila mara:

UUID=namba-ya-D /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0

Folda ya /mnt/data itengeneze kwanza. Nofail ni muhimu: D: ikipata hitilafu, Mint itawaka bila yenyewe badala ya kukwama. Windows_names inazuia majina yenye alama kama : na ? ambazo Windows haizipokei, endapo siku moja diski itachomekwa kwenye mashine ya mtu mwingine.

Picha, video na nyaraka zinakaa NTFS bila shida. Usiweke humo miradi ya programu, mazingira ya Python, wala michezo ya Steam. Ukiimaunti hivi, ruhusa za kila faili huwa moja kwa wote, na vitu hivyo vinahitaji ruhusa halisi na viungo. Vinavunjika kwa namna ambayo ujumbe wa kosa hauelezi sababu.

Kuigeuza D: kuwa ext4 hakuna mkato, NTFS haigeuzwi ikiwa na data ndani. GB 410 hazitoshi kwenye sda2 ya 250 ambayo tayari ina /home, kwa hiyo inahitajika diski ya nje ya GB 500 au zaidi. Isiwe ya FAT32, hiyo haipokei faili la GB 4 kwenda juu. ExFAT au ext4 ni sawa. Nakili kwa rsync, linganisha kwa -nci kama alivyoeleza Fundi Mtambo, toa diski ya nje kabisa kwenye mashine, ndipo:

sudo umount /mnt/data
sudo mkfs.ext4 -L data -m 0 /dev/sda5
sudo sgdisk -t 5:8300 /dev/sda
sudo mount /dev/sda5 /mnt/data
sudo chown 1000:1000 /mnt/data

Sgdisk hapo inabadilisha aina ya partisheni kwenye meza ya GPT. Bila hiyo data inasomeka vizuri, ila Windows yoyote itakayoiona diski itadhani ni yake na itamwomba mtu aifomati. Kama amri haipo, iko kwenye kifurushi cha gdisk.

Kufomati kunazaa UUID mpya. Badilisha ule mstari wa fstab kabla ya kuzima, na ntfs-3g pamoja na vigezo vyake viondoke: aina iwe ext4, vigezo defaults,noatime,nofail, mwishoni 0 2.